Jibu: Namna ya kujipima baiolojia ya mwaka wa kwanza

Mdogo wangu, umeuliza ujipimeje kabla ya mtihani, maana fasili zote unazo kichwani lakini maswali ya kuchagua yanakuangusha. Acha kujiuliza "osmosisi (maji kupita utando kuelekea penye chumvi nyingi) ni nini". Jiulize maswali ambayo jibu lake haliko kwenye daftari.

Anza na hili: magugumaji yanayojaa ufukweni hapa Mwanza, ukiyavuna na kuyakausha kabisa, uzito uliobaki umetoka wapi? Wengi hujibu majini, au kwenye tope, au kwenye jua. Sehemu kubwa imetoka hewani, kwenye hewa ukaa. Jua limetoa nishati tu, na madini ya ziwani ni sehemu ndogo. Ukikosa hapo, usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, bado hujauelewa, hata kama mlinganyo wake unauimba.

Kisha, kwa nini sato wa ziwani hahitaji kunywa maji, lakini anakojoa kwa wingi? Damu yake ina chumvi nyingi kuliko maji ya ziwa, hivyo maji yanamwingia yenyewe kupitia matamvua, na hiyo ndiyo osmosisi.

Swali gumu zaidi ni la furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Sangara, anayewala, aliletwa ziwani miaka ya 1950, na furu wakapungua mno miaka ya 1980. Ukiandika kwamba waliobaki walijibadilisha *ili* waokoke, umekosa. Tofauti zilikuwepo tayari kati yao. Waliokuwa na zilizofaa wakaokoka na kuzaa, nazo zikarithiwa na wengi.

Mweleze mwenzako kwa sauti, naye akuulize "kwa nini" mpaka ukwame. Ulipokwama, weka hapa tusaidiane.