Dau limeghairiwa au limebatilishwa?

SWALI: Niko Kondele, Kisumu. Niliweka mkeka, yaani dau moja la mechi tatu, kwa shilingi 200, kisha nikaletewa ujumbe: "Dau lako limeghairiwa kutokana na makosa ya uwezekano." Mwenzangu anashikilia kwamba neno lililofaa ni "limebatilishwa". Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, na kosa hilo linagusa pesa, si sarufi peke yake.

Kughairi ni kubadili nia. Umeazimia kwenda Nakuru, mvua imenyesha, umeghairi. Basi wa kughairi dau ni wewe uliyeliweka, pale kampuni inaporuhusu ulitoe kabla ya mechi kuanza. Kubatilisha ni kukiondolea kitu nguvu yake, kikahesabiwa kama hakikuwahi kuwapo. Ndilo neno lililojaa redioni Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa urais. Dau likibatilishwa, hujashinda wala hujashindwa: ulichoweka hurejeshwa. "Kufuta" si kosa barazani, ila hudokeza kwamba maandishi yameondolewa, na dau lililobatilishwa linatakiwa libaki likionekana kwenye akaunti yako.

Angalia pia umbo la kitenzi. "Limebatilishwa" huonyesha kuna aliyelibatilisha, nawe una haki ya kumuuliza kwa kanuni ipi. "Limebatilika" humficha mtendaji, kana kwamba dau limeharibika lenyewe. Kampuni isiandike hivyo.

Neno linalonisumbua zaidi katika ujumbe huo ni "uwezekano". Lililokusudiwa ni odi, yaani namba ambayo dau huzidishwa kwayo kupata malipo, na odi si uwezekano. Huenda kinyume chake. Gawanya 100 kwa odi: odi ya 1.50 inaashiria uwezekano wa kama asilimia 67, na odi ya 15.00 haifiki asilimia 7, tena hapo faida ya kampuni imo ndani. Anayesoma "uwezekano mkubwa" mahali pa "odi kubwa" atadhani timu dhaifu ndiyo yenye nafasi nzuri. "Uwiano" una nafuu, lakini wachezaji wenyewe wamekwisha kuchagua: odi, katika ngeli ya i-zi. Odi imeshuka, odi zimeshuka. Sioni sababu ya kuwanyang'anya neno linaloeleweka.

Na ni kosa gani hasa? Kanuni nyingi za kampuni za kubeti huzungumzia kosa lililo dhahiri kwa yeyote anayeujua mchezo. Kwa Kiswahili naliita kosa bayana. Nukta imesogea, 1.50 ikawa 15.00. Au odi za wenyeji na wageni zimebadilishana nafasi: tuseme Gor Mahia wako nyumbani dhidi ya timu ya mkiani, halafu wageni ndio wamepewa 1.40. Au bao limekwisha kuingia na odi za kabla ya bao bado ziko wazi. Odi iliyozidi kidogo ile ya kampuni nyingine si kosa bayana; hiyo ni tofauti ya makadirio, na kuiita kosa ni kulipotosha neno.

Sasa mkeka wako. Ujumbe unasema "dau", yaani mkeka mzima, ilhali kwa kawaida kinachobatilishwa ni mechi moja tu, ambayo odi yake huhesabiwa kuwa 1.00. Chukua odi za 1.85, 2.10 na 15.00 iliyokosewa. Odi hizo zikizidishwa pamoja, kisha kwa shilingi 200, mkeka ulionyesha 11,655. Mechi ya tatu ikibatilishwa na zile mbili zikishinda, unalipwa 777. Kampuni nyingine hazibatilishi, bali hurekebisha odi iwe 1.50 iliyokusudiwa, nawe ukishinda zote tatu unapata 1,165.50. Mkeka mzima ukibatilishwa, unarudishiwa 200 zako. Ni malipo matatu tofauti, na neno "limeghairiwa" halikuambii ni lipi. Soma kanuni za kampuni uone imejifunga kwa lipi, kisha uulize kwa kitenzi hichohicho.

Ujumbe wenyewe, ikiwa ni mechi moja iliyoondolewa, ungeandikwa hivi: "Odi ya mechi ya tatu ilichapishwa kimakosa kuwa 15.00 badala ya 1.50. Tumeibatilisha mechi hiyo. Mechi mbili zilizobaki kwenye mkeka wako zinaendelea kuhesabiwa."