Kumeta kwa kijani hakukupi jina la nzi

SWALI: Mtaalamu, nilimpiga picha nzi wa kijani anayemetameta akiwa juu ya jani. Programu ya simu imeniambia ni Lucilia sericata, lakini rafiki yangu ameshikilia kuwa ni yule nzi anayetaga kwenye vidonda vya mifugo. Picha ninayo moja tu, ya kutoka juu. Nani kati yao yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa picha hii hakuna hata mmoja mwenye haki ya kutaja spishi. Wote wawili wameona kijani wakaishia hapo, na hilo ndilo linalonichosha zaidi katika kazi hii.

Mng'ao ule si rangi iliyopakwa mwilini. Gamba la nzi lina tabaka nyembamba mno zilizopangana, na kijani unachokiona ni mwanga unaorudishwa na tabaka hizo. Ukibadili pembe ya kumtazama, nzi yuleyule anakuwa buluu au shaba. Flashi nayo inabadilisha. Wengi wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Lucilia huelekea rangi ya shaba wanapozeeka, halafu mtu ananiandikia kwamba amepata spishi mpya ya dhahabu!

Isitoshe, kijani hicho kimejitokeza katika familia nyingi. Mdogo aliyeinuka juu ya miguu mirefu myembamba ni wa Dolichopodidae, mwindaji wa wadudu wadogo, asiye na shughuli yoyote na kidonda. Mwenye mwili bapa aliyelaza bawa moja juu ya jingine huenda ni wa Stratiomyidae. Hata nyigu wa kijani naletewa kwa jina la nzi. Tazama vipapasio, vya nyigu ni virefu, vya nzi hawa ni vifupi mno.

Wako ni mnene, na miguu yake ni ya kawaida. Chrysomya, jenasi nyingine ya nzi wa kijani, kwa kawaida huwa na mistari mipana ya giza kwenye kingo za pingili za tumbo, na hapa siioni. Basi namwazia Lucilia au Neomyia, na hapo picha ya juu haisaidii tena. Ninachohitaji kiko ubavuni: juu kidogo ya shina la mguu wa nyuma, Lucilia ana safu ya nywele ngumu zilizosimama kama meno ya kitana. Neomyia hana. Funza wa Neomyia hukulia kwenye kinyesi cha wanyama, wa Lucilia hasa kwenye mizoga. Maisha tofauti kabisa, kijani kilekile.

Na ukishamjua kuwa ni Lucilia, bado. L. sericata na L. cuprina hutenganishwa, pamoja na mengine, kwa kuhesabu vinywele vya kisogoni chini ya hadubini. L. caesar na L. illustris, tunatazama viungo vya uzazi vya dume. Vitu hivyo havimo kwenye picha yako, kwa hiyo programu haikuviona. Ililinganisha umbo na rangi, ikakupa jina lililokaribia. Ukipata nafasi nyingine, piga ubavu, uso, na bawa lililokunjuka, na uridhike na jina la jenasi.

La rafiki yako linanitia wasiwasi zaidi. Wapo nzi ambao funza wao hula nyama hai: Chrysomya bezziana wa Afrika na Asia, na Cochliomyia hominivorax wa Amerika. Huyu wa pili aliingia Libya mwaka 1988, na hakutokomezwa mpaka 1991, kwa kuachilia madume yaliyofanywa tasa. Kumtaja nzi wa aina hiyo kwa kutupia jicho picha ya nzi juu ya jani ni kutisha wafugaji bure, na ni hatari pia, maana mwingine ataona nzi "wa kawaida" karibu na mnyama wake akapuuza kidonda.

Mnyama akiwa na kidonda chenye funza, achana na nzi wanaoruka kandokando. Kabla ya kumwaga dawa yoyote, toa funza kadhaa kutoka ndani kabisa ya kidonda, kwa sababu wa juujuu wanaweza kuwa wa spishi nyingine waliofuata harufu. Waue kwa maji ya moto, watie kwenye spiriti ya asilimia 80, wala usitumie fomalini. Andika tarehe, mahali na aina ya mnyama, umpelekee daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Matundu ya kupumulia yaliyo nyuma ya funza na miiba inayouzunguka mwili wake vitampa jibu ambalo picha yako haikuweza kutoa.