Maji ya fedha kwa farasi anayekohoa

Ndugu, unauliza kama umnyweshe farasi wako hapo Karen maji ya fedha, yaani maji yenye chembe ndogo sana za madini ya fedha (ya fedha kweli, ukiona bei), kwa kuwa anakohoa na jirani anaapa yalimponya wake. Mimi singempa. Fedha huua vijidudu, sikatai. Ndiyo maana kuna krimu ya silva salfadiazini ya kupaka majeraha ya moto. Lakini kupaka ni kupaka, kunywesha ni kingine. Marekani iliamua mwaka 1999 kwamba dawa za maji ya fedha zinazouzwa bila agizo la daktari hazitambuliki kuwa salama wala kufaa. Kuna watu wamezinywa hadi ngozi ikageuka kijivu, na haikurudi. Huyo wa jirani pengine alikuwa na mafua tu, yangeisha yenyewe.

Mpime joto: farasi mzima huwa kati ya 37.5 na 38.5. Kisha tazama vile vishimo juu ya macho. Vikiwa vimefura, usingoje kesho. Huenda ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, na huua haraka. Usaha puani, na matezi yamevimba chini ya taya? Mtenge na wenzake, ndoo yake iwe yake. Vyovyote vile, mpigie daktari wa mifugo leo.