Chatu kameza mbuzi wako? Weka panga chini kwanza

Juzi usiku dada mmoja mfugaji wa Kilosa alinitumia picha kwenye simu. Chatu amejikunja pembeni mwa banda, tumbo limetuna katikati. Chini ya picha kaandika: "Kaka, nikimpasua sasa hivi mbuzi nitamkuta hai?"

Nilimjibu hapohapo kwamba hapana, mbuzi alikufa kabla ya kumezwa. Chatu hana sumu. Hung'ata kwa meno yaliyopinda kuelekea kooni, anajiviringisha, anabana mpaka damu inashindwa kuzunguka mwilini. Nikamwambia aweke panga chini, afungie watoto ndani, apige simu kwa maofisa wanyamapori wa wilaya. Kisha usingizi ukanipaa, kwa sababu panga kama lile na mimi niliwahi kulishika.

Ilikuwa 2016, huku kwetu bonde la Kilombero. Nilikuwa na mbuzi 9, nimewanunua kwa pesa ya mpunga, na kama wewe unayesoma hapa, nilikuwa nawaona tayari ni 100. Banda lilikuwa la fito. Ndani ya mwezi mmoja watoto wawili wa mbuzi wakapotea usiku, hakuna damu, hakuna kelele. Nikamwaga oili chafu kuzunguka banda lote kama nilivyoshauriwa. Haikusaidia kitu.

Asubuhi moja nikaona mburuzo mpana kwenye vumbi, umenyooka kama mtu kavuta gunia. Niliufuata na majirani wawili mpaka kwenye shimo la muhanga, kando ya kichuguu. Chatu alikuwa amelala mdomoni mwa shimo, anaota jua. Alikuwa mweusi kuliko chatu wote niliowahi kuwaona, na mzee mmoja akasema huyo ni wa kutumwa. Tulimuua. Alipolazwa chini, hatua zangu tano hazikummaliza.

Tukampasua kutafuta mbuzi. Tumbo lilikuwa tupu kabisa. Tukachimba shimo, tukakuta mayai meupe, makubwa kama machungwa, yameshikana. Nilihesabu 38. Ganda lake ni laini kama ngozi, na niliposhika moja lilikuwa na joto. Joto lile bado nalikumbuka kiganjani.

Siku nne baadaye mtoto wa tatu wa mbuzi akapotea. Mwizi alikuwa mwingine.

Ilinichukua miaka kuelewa nilichokiona. Mwaka 2018 mtafiti wa Afrika Kusini, Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia chatu wa kusini mwa Afrika kwenye mashimo yao. Jike anayeatamia hugeuka mweusi ili anyonye jua vizuri. Hutoka nje, anajipasha mpaka mwili unakaribia nyuzi 40, kisha anarudi kuyakumbatia mayai. Muda wote huo hali chochote. Watoto wakianguliwa hukaa nao kama wiki mbili, wakirudi usiku kwenye joto la mwili wake. Mimi nilimuua mama aliyekuwa amefunga, kwa kosa la mwingine.

Kwa hiyo wafugaji wenzangu, nisikilizeni. Tatizo lako ni mwanya wa banda. Chatu ana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto la mnyama, giza kwake si kitu. Mbuzi wako anamwita usiku kucha kwa joto lake tu. Akipata mwanya wa kichwa, mwili unafuata. Kipimo changu ni vidole vitatu: vikipita, ziba. Nilibomoa fito, nikaweka mbao na wayameshi, nikafyeka nyasi zote hatua ishirini kuzunguka. Leo nina mbuzi 64, na tangu 2018 sijapoteza hata mmoja kwa chatu. Nasema hili kifua mbele. Ziba mianya. Watoto wa mbuzi walale ndani, na mianya izibwe.

Tena tuache tamaa ya mafuta na ngozi ya chatu. Majirani zangu waligawana mafuta siku ile, na mimi nilinyamaza. Ngozi ile ni nyara ya Serikali, ukikutwa nayo bila kibali una kesi. Na wewe mwenye mpunga unayelalamika ndezi wanakumalizia shamba, unadhani ni nani anayewala bila kukudai hata senti? Tunamuua, halafu tunakwenda dukani kununua sumu ya panya. Hiyo ni akili gani, ndugu zangu?

Ukimkuta ameshiba, usimsumbue kwa fimbo. Atatapika mbuzi, na mbuzi huyo hatakufaa kwa lolote.

Jana yule dada kaniandikia tena. Maofisa walifika saa nne asubuhi, wakamtia kwenye gunia, wakampeleka mbali na kijiji. Akanitumia na picha ya banda anishukuru. Niliikuza picha kwenye simu, nikaona mlango umeachana na ardhi kama kiganja kizima. Nikamwandikia: dada, huo mwanya wa chini uzibe leo, kabla ya magharibi.