Kadi imekataa, mwigizaji ameenda Mombasa, nifanye nini na filamu yangu?

SWALI: Kaka habari, mimi ni mwanafunzi wa filamu mwaka wa tatu, naishi Umoja. Tulikuwa tunashuti filamu fupi ya dakika 10, ni ya kijana anayepeleka redio ya marehemu babake kwa fundi ndio amrudishie mamake ikiwa inaongea tena. Jumamosi ilienda poa, sini za kwa fundi na za kwa matatu ziko sawa kabisa, Jumapili tukashinda kwa nyumba ya mama tukishuti, jioni kuweka kadi ya kamera kwa laptopu ati haisomeki. Redio kurudi nyumbani, ugomvi wa mama na kijana, yote iko humo. Sasa jamaa aliyecheza kijana amepata kazi Mombasa akaenda, nimebaki na 3,000, na kazi inatakiwa baada ya wiki nne. Wenzangu sita walichanga na bado sijawaambia. Silali.

JIBU: Pole sana mdogo wangu, hiyo ya kukosa usingizi naijua vizuri.

Tuanze na kadi. Laptopu ikikuuliza kama unataka kuiformati, kataa. Itoe, itie kwa bahasha, na usipige hata picha moja ya kujaribu nayo, maana mara nyingi kinachoharibika ni ile orodha ya kuonyesha faili ziko wapi, video zenyewe bado zimelala hapo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yao. Kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec, iendeshe usiku, na chochote inachopata kihifadhi kwa diski nyingine, sio kwa kadi hiyo hiyo. Video wakati mwingine hutoka zikiwa vipande, usitupe hata kimoja. Ipe siku mbili tatu, ikikataa kabisa uache.

Wenzako waambie leo. Leo, tena uso kwa uso, sio kwa meseji. Mimi nikiwa chuo niliwahi kuficha sauti iliyoharibika nikidhani nitaitengeneza polepole, timu wakajua siku ya kuonyesha filamu, na kuna mmoja hatujawahi kuongea vizuri tena mpaka wa leo. Hicho ndicho kinaniuma, filamu yenyewe nilishaisahau.

Sasa hadithi. Satyajit Ray, mwongozaji filamu wa India, alipoanza kushuti filamu yake Pather Panchali mwaka wa 1952 alikuwa bado ameajiriwa kwa kampuni ya matangazo, anashuti wikendi. Alipiga sini kwa shamba la maua meupe, kurudi wikendi iliyofuata akakuta ng'ombe wamekula maua yote. Akangoja msimu mwingine yaote, halafu pesa nazo zikaisha, filamu ikatoka 1955. Wewe huna miaka mitatu, una wiki nne, kwa hivyo huwezi kungoja maua, itabidi uandike tena sini kwa shamba lililoliwa.

Na ukiangalia, uko na nini? Kijana yuko kwa fundi, kijana yuko kwa matatu amepakata redio. Mama bado yuko, nyumba iko, redio iko. Kijana yuko Mombasa, si basi awe Mombasa! Ametengeneza redio, ametafutiwa kazi Pwani, ameiacha kwa jirani aipeleke, na ule ugomvi wote wanaugombana kwa simu. Mama ameketi, simu iko kwa meza imewekwa spika, na mikono yake inafungua gazeti lililofunga redio huku anamkaripia mtoto. Nyinyi mpige hiyo mikono karibu kabisa, vidole vikitafuta kile kinobu cha stesheni. Kusema kweli mimi naipenda hii kuliko ile ya kwanza, kwa sababu mama anabaki na redio na sauti tu, wanaume wake wote wawili hawako kwa nyumba.

Huyo jamaa arekodi maneno yake kwa simu, ajifunike blanketi ama aingie katikati ya nguo, akutumie kama faili kamili, asitume voisi noti kwa WhatsApp maana inabanwa sana. Ikiwa na ukwaruzo kidogo haina neno, ni simu. Lakini sauti ya mama iwe safi, na kabla hamjatoka hapo nyamazeni wote mrekodi kimya cha nyumba kama dakika moja, kitakuokoa wakati wa kuediti. Mabati yakianza kupigwa na mvua, simameni.

Siku moja inatosha. Ukitaka mwanga wa jioni dirishani, hapa Nairobi jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu na giza linaingia haraka, mkifika saa kumi na moja mkiwa bado mnapanga meza mmechelewa. Hiyo 3,000 ni nauli na chakula, mama ale kwanza. Na kadi ikijaa nusu, mmoja akae kando anakopi kwa diski mbili na kufungua kila faili aione inacheza, ndio mwendelee.

Ukimaliza nitumie, nataka kuona hiyo mikono.