Pedi ya Ndani Ndiyo Inayosema Kweli

Noah yetu ilianza kulia tukiteremka Kitonga, tunatoka Iringa kurudi Dar. Mlio mwembamba, nikikanyaga breki unakuja, nikiachia unakata. Tulipofika Ruaha Mbuyuni, mama watoto akawa anapatana bei ya vitunguu, mimi nikamulika tochi ya simu kwenye matundu ya rimu. Pedi ya breki niliyoiona ilikuwa nene. Nikajisemea, hili ni vumbi tu.

Wiki iliyofuata mlio ukageuka kusaga. Nilipofungua tairi la kushoto, pedi ya nje ilikuwa nzima kabisa, ya ndani imebaki bati, na bati lenyewe limeshachimba diski. Nilikwepa kununua pedi, nikaishia kununua pedi na diski.

Sababu ni hii. Kalipa, yaani chuma kinachobana pedi kwenye diski, kwa gari kama hili ina pistoni upande wa ndani tu. Pistoni husukuma pedi ya ndani, kisha kalipa yote huteleza kwenye pini zake mbili na kuivuta ya nje. Pini ikishika kutu, kalipa haitelezi, na pedi ya ndani inafanya kazi peke yake. Kwa hiyo ukichungulia kwa nje unadanganyika. Vua tairi, angalia kwa nyuma. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Ikifika 3, badilisha. Na ule mlio wa filimbi si vumbi: ni kibati kilichowekwa makusudi kiguse diski pedi ikikaribia kwisha.

Kuzibadilisha si kazi ya kutisha. Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini, weka gogo nyuma ya tairi za nyuma, piga jeki, halafu weka stendi ya kushikilia gari. Usiamini jeki peke yake, hata kwa dakika mbili. Fungua boliti ya chini ya kalipa, inyanyue juu, toa pedi. Ukiitoa kalipa yote, ifunge kwa waya. Isining'inie kwenye mpira wa breki. Vumbi lile usilipulize, lifute kwa kitambaa kibichi.

Kabla ya kurudisha pistoni ndani kwa klampu, fungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki, maana yatapanda. Yakimwagika yanakula rangi ya gari. Ndiyo maana sipendi fundi anayeongeza mafuta ya breki kila yakipungua: pedi zikiisha, mafuta hushuka yenyewe.

Sasa zile pini. Zichomoe, zisafishe, uzipake grisi ya silikoni inayostahimili joto. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira yake. Fundi wengi huruka hatua hii, na ndiyo iliyoniponza mimi. Badilisha pande zote mbili, kulia na kushoto, la sivyo gari litavuta upande mmoja ukifunga breki. Dukani nenda na pedi ya zamani mkononi. Noah haziko za aina moja.

Ukimaliza, kabla hujaingiza gia, pampu pedali mpaka iwe ngumu. Mara ya kwanza inazama mpaka chini kabisa, kwa sababu pistoni iko mbali na pedi. Mimi nilisahau, nikawasha, nikarudi nyuma kwa madaha. Geti letu bado limebonyea.