Kabla Hujabadilisha Difu ya Land Rover ya Zamani

Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikiifufua Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88, nyuma ya nyumba yetu Tabata. Ni ya mwaka 1975, na niliirithi kwa baba mkubwa, ambaye aliitumia Kilosa mpaka ikashindwa kutembea. Nimebadilisha chesisi iliyooza, nimefunga nyaya upya na nimefungua injini mara mbili, lakini hakuna uamuzi ulionigharimu muda na fedha kama ule wa kubadilisha uwiano wa difu, yaani gia zilizo kwenye ekseli zinazopeleka mzunguko wa injini kwenye magurudumu. Naandika kwa ajili ya yeyote anayefikiria kufanya hivyo, kwa sababu ushauri nilioupata mimi wakati ule ulikuwa mfupi mno: "Funga difu za Range Rover, gari litakimbia."

Ni kweli kwamba gari lilikimbia. Land Rover za Series zilitoka kiwandani zikiwa na difu ya 4.7, yaani pinieni (gia ndogo) yenye meno 10 inazungusha krauni (gia kubwa) yenye meno 47, kwa hiyo propela shafti, ile inayoleta mzunguko kwenye difu, huzunguka mara 4.7 ili tairi lizunguke mara moja. Range Rover za kwanza, na Discovery zilizofuata, zina difu ya 3.54, pinieni ikiwa na meno 13 na krauni meno 46. Umbo la difu hizi ni moja, na zile zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 kwa kawaida zina mikato 10 ya kushikia shafti za magurudumu kama ya Series, hivyo difu nzima huchomolewa kwenye gari moja na kuingizwa kwenye jingine bila kuchonga chochote. Wepesi huo ndio unaowavuta watu wengi. Mwenye Series ndefu, ile ya inchi 109, asikimbilie kununua, kwani Series III ndefu nyingi zina ekseli ya nyuma ya aina ya Salisbury, ambayo haipokei difu hii kabisa.

Difu zangu mbili nilizipata Shaurimoyo, Ilala. Muuzaji aliniapia kwamba zote ni za 3.54, na mimi nikaamini kwa sababu zilitoka kwenye rundo moja. Kumbe moja ilikuwa ya 4.7. Kama ningezifunga hivyo, moja mbele na nyingine nyuma, siku ya kwanza ya kuweka gia ya magurudumu manne kwenye ardhi ngumu ekseli hizo mbili zingevutana mpaka kitu kivunjike. Tangu siku hiyo sinunui difu bila kuhesabu meno kwa kidole, nikianza na jino nililolipaka chaki. Ikiwa difu bado imo ndani ya gari, inua gurudumu moja kwa jeki, lile jingine libaki chini, toa gia, halafu zungusha gurudumu lililoinuliwa mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela shafti. Ikizunguka mara tatu na nusu na kidogo, hiyo ni 3.54, ikikaribia mara tano, hiyo ni 4.7. Lazima gurudumu lizunguke mara mbili kwa sababu, lile jingine likiwa limesimama, krauni huenda nusu tu ya mwendo wa hili unalolizungusha.

Sasa nieleze kilichotokea baada ya kupata jozi ya 3.54 na kuzifunga. Kwenye barabara pana ya kutoka Kimara kwenda Kibaha, alfajiri, bila mzigo, gari lilikuwa tamu ajabu. Nilipima mzingo wa tairi zangu za 7.50-16 kwa kuweka alama ya chaki, nikalisukuma gari mizunguko kumi, na nikapata mita 25 hivi, yaani mita 2.5 kwa mzunguko mmoja. Ukichukua kipimo hicho, ukazidisha na uwiano wa transfa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma) ambao ni 1.148, unaona kwamba gia ya nne kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa inahitaji injini izunguke karibu mara 2,880 kwa dakika kwenye difu ya 4.7, na karibu 2,170 tu kwenye 3.54. Tofauti hiyo unaisikia masikioni. Kelele ile inayomfanya abiria apige kelele ili asikike hutoweka, na kwa mara ya kwanza mke wangu aliweza kunisimulia jambo tangu Mbezi mpaka Kibaha bila kulirudia.

Lakini gari langu haliishi alfajiri. Linaishi saa kumi na mbili jioni kwenye foleni ya Tazara na Buguruni, na huko ndiko hesabu iligeuka. Gia ya kwanza ya Series III ina uwiano wa 3.68. Kwa difu ya 4.7, injini ikizunguka mara 700 kwa dakika bila kukanyaga mafuta, gari linatambaa kwa kilomita 5 na kidogo kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea. Unaachia klachi kabisa, unaondoa mguu, na gari linafuata foleni lenyewe, sambamba na kijana anayeuza maji baridi. Kwa difu ya 3.54 gari hilo hilo linataka kwenda kilomita 7 kwa saa. Utaona ni tofauti ndogo. Ila huwezi kwenda kilomita 7 wakati aliye mbele yako anakwenda 5, kwa hiyo unakanyaga klachi, unaachia nusu, unakanyaga tena, kwa saa nzima. Sahani ya klachi niliyoifunga mpya iliisha kabla ya mwaka, na jioni moja nikiwa nimebeba mifuko minane ya saruji niliisikia harufu yake kabla sijafika Tabata Dampo.

Jambo la pili lililonifungua macho ni mlima. Injini ya petroli ya lita 2.25 ina nguvu za farasi karibu 70, na mwili wa gari lenyewe unasimama mbele ya upepo kama kabati. Ukifika milima ya Kimara, au ukipanda Pugu kuelekea Kisarawe, gia ya nne yenye difu ya 3.54 inaishiwa pumzi na unalazimika kurudi ya tatu, ambayo uwiano wake ni 1.50. Zidisha 1.50 kwa 3.54 upate 5.31. Namba hiyo ni kubwa kuliko 4.7 ya difu ya zamani katika gia ya nne, ambayo uwiano wake ni 1. Maana yake ni kwamba kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, injini yangu ilizunguka karibu 2,440 katika gia ya tatu, ilhali kwa difu ya zamani ingepanda mlima ule ule katika gia ya nne ikizunguka 2,160. Nilikuwa nimetumia fedha ili injini ipumzike, nayo ikawa inafanya kazi zaidi pale pale ambapo kazi ni ngumu. Nilikaa na kalamu na daftari usiku ule, nikairudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uwiano huanzia kwenye barabara unayoipita kila siku na kwenye injini uliyonayo. Mwendo wa juu unaoutamani ni swali la baadaye. Amua kwanza tairi utakazobaki nazo, kwa sababu tairi refu lenyewe ni sawa na kubadilisha difu. Kisha jiulize: katika gia ya kwanza, gari litatambaa kwa mwendo gani? Na katika mlima mrefu kuliko yote unaoupita mara kwa mara, litabaki katika gia gani? Ukiyajibu hayo mawili kwa namba, mwendo wa barabara kuu utajipanga wenyewe.

Lipo pia suala la spidomita, ambalo hakuna aliyenitajia. Kebo ya spidomita ya Series hupokea mzunguko kutoka kwenye transfa, kabla haujafika kwenye difu. Ukibadilisha difu kutoka 4.7 kwenda 3.54, spidomita haina habari. Inaendelea kusoma kama zamani wakati gari linakwenda kwa kasi zaidi kwa karibu theluthi moja. Mimi nilisimamishwa kwenye eneo la kibao cha 50 nikiwa na uhakika kwamba sindano ilikuwa kwenye 48. Tochi ilionyesha 64. Ukifanya hesabu utaona tochi ilikuwa sahihi kabisa, nami nikalipa faini yangu ya shilingi 30,000 bila kubishana. Kwa sababu hiyo hiyo odomita inapunja umbali, kwa hiyo usiitumie kupima ulaji wa mafuta. Tumia safari ambayo unaujua urefu wake. Na kumbuka kwamba breki za ngoma za gari hili hazikuongezeka nguvu kwa sababu difu imebadilika.

Nilirudisha difu za 4.7. Fundi wangu wa Keko, mzee aliyeanza kufungua Land Rover kabla mimi sijazaliwa, alifungua boneti na kunitazama tu. "Ulitaka mbio, mwanangu," akasema, "sasa unataka gari." Alinifundisha jambo moja ambalo naomba lishikwe na kila mtu: krauni na pinieni husuguana tangu kiwandani zikiwa jozi, kwa hiyo usikubali kuuziwa krauni ya huku na pinieni ya kule, hata kama meno yanahesabika sawa. Alipaka meno rangi kidogo, akaizungusha pinieni kwa mkono, akanionyesha alama iliyobaki katikati ya jino, si kwenye ncha wala kwenye shina. Alama ikikaa pembeni, difu italia, na difu inayolia huanza kama mluzi mdogo kwenye kilomita 60 na kuishia na chembe za chuma ndani ya oili.

Kwa safari ndefu nimechagua ovadraivu, kifaa kinachofungwa nyuma ya transfa. Ile ya Fairey hupunguza mizunguko kwa uwiano wa 0.782, hivyo nikivuta mkono wake 4.7 yangu inakuwa kama 3.68, na nikiurudisha napata gari la foleni na la mlima. Bei yake si ndogo na yangu iliagizwa kutoka Uingereza ikiwa imetumika, lakini ukijumlisha klachi, difu mbili na siku za fundi, ningeanza nayo ningebaki na akiba. Kagua oili yake mara kwa mara, kwani ina tangi lake dogo ambalo halichangii na transfa.

Anayeweka injini ya dizeli ya 200Tdi, yenye nguvu za farasi karibu 110 na mvuto mkubwa kuanzia mizunguko ya chini, ana hesabu tofauti kabisa. Kwake difu ya 4.7 ni fupi mno, yaani inaizungusha injini kupita inavyohitaji, na ile ya 3.54 inamfaa hata mlimani. Za kwangu mbili nilizipaka oili, nikazifunga kwenye gunia na kuziweka chini ya meza ya gereji. Injini ya petroli bado ina afya, na mpaka ichoke zitabaki humo.